Blogu Chini ya Karatasi ya Mkate

Kwaru. Kimya kidogo. Kwaru tena. Hiyo ni sauti ya susu akisokota katani kwenye muundi wa mguu wake, na naikumbuka vizuri kuliko hata sauti yake ya kuongea. Aliweka nyuzi mbili juu ya ngozi, akazisukuma mbele kwa kiganja, akazivuta nyuma, nazo zikatoka zimekuwa kamba moja. Mahali hapo pa mguu palikuwa pamelainika na kung'aa kama mpini wa jembe lililorithiwa. Nilipokuwa mdogo nilidhani nyanya wote duniani wana mguu mmoja unaong'aa.

Susu ni nyanya. Ndivyo tunavyosema Ukambani, na sijawahi kumwita kwa neno lingine. Yeye na mama yangu wanakaa upande wa Katangi, kwenye shamba la ndengu na mbaazi, na mimi nakaa Machakos mjini kwa sababu ya kazi. Nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo hazikunifungulia mlango wowote, ila nilishukuru kwamba hazikunifungia ule wa saiba, duka la kompyuta na mtandao. Kazi yangu ni kuchapisha barua za watu, kuwajazia fomu za serikali kwenye mtandao, na kuwatuliza wanaposahau nywila zao. Mwenye saiba ni mama mmoja mcheshi, ambaye huniita "msomi" kila anapotaka nifagie.

Mashine zikiwa hazina mteja, alikuwa ananiruhusu kutumia ile ya pembeni yenye kibodi iliyofutika herufi. Hapo ndipo nilipofungua blogu. Niliandika mambo ya nyumbani: namna mama anavyochagua ndengu, namna kyondo kinavyoanza, maneno ya susu. Kyondo ni kikapu cha kusuka, na susu amevisuka maisha yake yote. Mimi ni mtu wa ndoto, sikatai. Nilikuwa naona kabisa mwanamke fulani katika nchi yenye theluji akifungua ukurasa wangu, akiweka kikombe chini, akisoma habari za Katangi mpaka chai yake ipoe.

Kwa ajili ya huyo mwanamke nilichagua mandhari nzuri kuliko zote za bure. Mandhari ni lile vazi ambalo blogu huvaa: rangi, aina ya herufi, mahali pa picha. Langu lilikuwa jeupe, na herufi za zambarau iliyopauka, nyembamba, zilizojipinda kama mwandiko wa kadi ya harusi. Maandishi yote yalikaa katikati ya ukurasa kama shairi. Nilikuwa nikiufungua hata nikiwa sina la kuandika, niuangalie tu.

Jumapili moja nilienda nyumbani nikamsomea susu kile kipande cha kuhusu kyondo. Alisikiliza bila kuacha kusokota. Nilipomaliza alipangusa kiganja kwenye leso, akanyoosha mkono.

"Lete."

Nikampa simu. Aliisogeza karibu na uso, akaipeleka mbali, akaigeuza upande kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba. Mama alikuwa amesimama karibu na jiko ameshika mwiko.

"Hapa hakuna kitu," susu akasema.

Nilidhani mtandao umekatika. Nikaangalia, maandishi yalikuwa pale pale. Nikamwambia yapo, na yeye akanirudishia simu kwa upole, kama unavyomrudishia mtoto mchoro wake.

"Mwiitu, uliniandikia na maji?"

Mwiitu ni msichana, na ndivyo alivyoniita siku zote. Nikacheka, yeye pia akacheka, nikamwambia haidhuru, nitakuwa namsomea kila ninapokuja. Hapo hakucheka.

"Mimi sikuenda ngumbaru ndio nikuje nisomewe."

Ngumbaru ni darasa la watu wazima. Susu alilianza watoto wake wakiwa tayari wamekua, alasiri baada ya shamba, kwenye madawati ya shule ya msingi ambayo magoti hayakuingia chini yake. Mama anasema watu walimcheka, na marehemu babu aliwaongoza. Susu alimaliza akijua kusoma Kikamba na Kiswahili, na tangu hapo hakuruhusu mtu yeyote amsomee kitu: barua, dawa, risiti ya mbolea, maandishi kwenye fulana ya mtu. Alisoma polepole, kidole kikitembea chini ya mstari.

Siku hiyo mama alinisindikiza mpaka barabarani, na njiani akaniambia kitu ambacho sikukijua. Walikuwa wameenda hospitali. Susu ana presha ya macho. Daktari alieleza kwamba sehemu iliyokwisha kwenda hairudi, na matone aliyompa ni ya kulinda ile iliyobaki. Susu alimuuliza jambo moja tu, atasoma mpaka lini, na daktari akasema hawezi kuahidi. Halafu mama akaniambia lingine. Kanisani susu hufungua kitabu cha nyimbo na kuimba kila ubeti sawasawa, lakini Jumapili moja mama alitupa jicho, akaona ukurasa uliofunguliwa ni wa wimbo mwingine.

Kwa hiyo hakuna aliyejua kama susu bado anasoma au anakumbuka tu. Nyimbo anazijua kwa moyo. Zaburi zake anazijua kwa moyo. Na susu mwenyewe, mama alisema, pia hajui. Ndiyo maana anataka ile simu. Anataka maneno ambayo hajawahi kuyasikia, ajaribu macho yake.

Nilirudi mjini nikijua la kufanya, ingawa sikujua linafanywaje.

Kila mandhari huwa na ukurasa wake wa nyuma, mrefu, wa maandishi yanayoitwa CSS. Msomaji hauoni. Humo unataja kitu, kwa mfano aya, halafu ndani ya mabano ya mkunjo unaamuru: rangi yako iwe hii, ukubwa wako huu, herufi zako za aina hii. Nilijifunza kwa kusoma maelezo ya watu mtandaoni, nikiwa nimeshika moyo kwa sababu niliogopa kubomoa blogu yote. Mwanzoni nilitaja rangi kwa Kiingereza cha shuleni kwetu na mashine ikaninyamazia, mpaka nikagundua inataka tahajia ya Wamarekani. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuja baadaye.

Mimi nimelelewa na msusi. Kyondo kinaanzia kitakoni, na yote yanayofuata yanatii kitako. Ukikosea pale mwanzo, hata usuke kwa akili gani, mdomo wa kikapu utakuja kukaa upande. Susu aliweza kufumua kazi ya juma zima kwa sababu ya mzunguko wa kwanza. Kwa hiyo nilipoingia kwenye ule ukurasa wa nyuma, sikufikiria mara mbili. Nilipanda mpaka juu kabisa, kabla ya amri zote za mandhari, nikaandika zangu hapo: herufi kubwa, rangi nyeusi. Mwanzo ndio mzazi, nilijiambia. Hawa wengine watanisikiza mimi kwanza.

Nikahifadhi, nikafungua blogu. Zambarau, nyembamba, vilevile.

Mwenye saiba aliniambia nisiwe na haraka, mtandao huchelewa, kompyuta huweka sura ya jana mpaka izoee ya leo. Hayo ndiyo maneno tunayowaambia wateja kwa kila kitu kisichofanya kazi, na kosa langu ni kwamba niliyaamini kama mteja. Niliandika kipande kipya ambacho susu hajawahi kukisikia, nikakichapisha, nikaenda nyumbani Jumamosi nikiwa na hakika kwamba njiani blogu itakuwa imezoea.

Susu alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani ingawa hakukuwa na kanisa. Alinawa mikono kabla ya kushika simu. Aliiangalia, akainamisha kichwa kushoto, kisha kulia, kisha akaiweka mapajani.

"Bado maji," alisema.

Hakuonekana kuumia. Aliniuliza kama nimekula, akaniagizia muthokoi, mahindi ya kukobolewa yaliyopikwa na maharagwe. Lakini alasiri yote sikusikia kwaru hata moja. Alikaa tu, kiganja kimelala juu ya muundi.

Nilimuuliza anaonaje, hasa anaonaje. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo, hata daktari aliuliza kwa mashine. Alifikiri, halafu akasema ni kama kuangalia kupitia karatasi ya mkate. Vitu viko, anajua viko, lakini viko upande wa pili. Nikamuuliza basi anasukaje rangi. Akavuta mfuko wake wa nyuzi, akazimwaga kwenye leso, akaanza kunionyesha. Bluu, nyeusi na zambarau alizikusanya fungu moja, akasema hizi sasa zimekuwa mtu na dada zake, mama ndiye humtenganishia. Manjano na ile katani isiyotiwa rangi nazo zilikuwa zimehamia nyumba moja. Kisha akachukua uzi wa kahawia iliyokolea sana, karibu na weusi, akaulaza juu ya katani tupu.

"Hii na hii, hata ukinifunga kitambaa."

Nikaomba nyuzi hizo mbili, akanikatia.

Jumatatu, wakati wa chai ya saa nne, sisi huko saiba hununua mkate mmoja tukagawana. Nililainisha karatasi yake, nikatafuta ile sehemu isiyo na maandishi ya kampuni, nikaiweka juu ya simu na kufungua blogu yangu. Ukurasa ulikuwa mtupu. Ile zambarau yangu yote, zile herufi za kadi ya harusi, hazikuwepo kabisa. Nilikaa nikiangalia mahali ambapo nilijua pana maneno. Mwenye saiba akaniuliza kama mkate umeniudhi.

Kuanzia siku hiyo karatasi ilikaa chini ya kibodi.

Kosa la kitako nililigundua kwa bahati, nikisoma maelezo ya mtu aliyekuwa akilalamika juu ya jambo lingine kabisa. Alisema amri mbili zenye nguvu sawa zikigombania kitu kimoja, inayoshinda ni iliyoandikwa mwisho. Nilisoma sentensi hiyo tena na tena. Iliyoandikwa mwisho. Mandhari ilikuwa inanisikiza kweli, kwanza kabisa, kisha inashuka chini na kujisikiza yenyewe. Nilikata mistari yangu kule juu nikaishusha mpaka chini kabisa, baada ya amri zote, mahali ambapo katika kyondo ungekuwa unamalizia mdomo na kufunga ncha. Nikahifadhi. Blogu ikageuka mbele ya macho yangu, nzima, kama mtu aliyeitwa jina.

Nilifurahi mpaka mteja aliyekuwa akisubiri nakala akanipongeza bila kujua ni kwa nini.

Rangi nazo zilikuwa na desturi yake. Kila moja ina namba inayoanza na alama ya reli (#), kisha tarakimu au herufi sita. Sifuri ni giza na F ni mwanga, na katikati yake imo dunia yote. Nilifunga zile nyuzi mbili za susu kando ya skrini, nikaanza kubadilisha namba moja moja, nikilinganisha. Kwenye skrini ya saiba kahawia ilifanana na uzi, kwenye simu yangu ikawa nyekundu, kwenye simu ya mwenye saiba ikawa kama chai. Niliteseka na hilo kwa muda kabla ya kuelewa kwamba susu hahitaji kahawia yake. Anahitaji umbali uliopo kati ya uzi mmoja na mwingine, giza lenyewe na mwanga wenyewe. Nikasogeza namba za herufi karibu na sifuri, na za ukurasa karibu na F lakini si F yenyewe, kwa sababu mama alisema nyeupe tupu humchoma macho. Nikaweka karatasi ya mkate juu. Maneno yakabaki. Yalikuwa na ukungu, lakini yalikuwa maneno.

Kisha nikatoa herufi za harusi na kuweka zile za kawaida, nene, zilizosimama wima kama za kitabu cha darasa la kwanza. Nikayatoa maandishi katikati, nikayapanga yaanzie kushoto, kwa sababu kidole cha susu hurudi kila mara mahali pamoja kutafuta mstari unaofuata, na ukurasa wangu wa kishairi ulikuwa unamhamishia mahali hapo kila mstari. Nikaachanisha mistari. Nikakuza.

Mwenye saiba alipita nyuma yangu na chupa ya chai. "Msomi, hiyo kitu utaiosha mpaka itoboke," alisema.

Binamu yangu anayekaa Syokimau, anayefanya kazi ofisini Nairobi na ambaye ndiye msomaji wangu mwaminifu kuliko wote, alinitumia ujumbe wa sauti jioni ile ile. Alikuwa anacheka.

"Niaje cuzo. Sasa hii ni nini? Inakaa kitabu ya nasari. Ile purple ilikuwa fiti, rudisha."

Nilimpigia. Nilimwambia ni ya mtu fulani. Akaniuliza huyo mtu yuko wapi, ng'ambo, nikasema hapana, Katangi. Akasema sawa, lakini nikitaka watu wengine waje niwafikirie pia. Alikuwa na haki. Yule mwanamke wangu wa theluji nilimwona akifungua ukurasa, akiuona, na kuondoka na kikombe chake. Kuna siku nzima nilitembea na huzuni hiyo mjini, ndogo, kama jiwe ndani ya kiatu. Kisha ikaisha.

Jumapili iliyofuata mama alikuwa ametoka kumtia susu matone. Ilikuwa asubuhi yenye jua, na tulimkalisha nje, mgongo kwa mwanga, kama tulivyokuwa tumeona anakaa akisuka. Nilifungua kile kipande ambacho hajawahi kukisikia na kumpa simu. Aliishika. Hakuipeleka mbali. Alisema tu, "Eeh," kama mtu aliyegongewa mlango na jirani anayemfahamu.

Akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza, kama alivyofundishwa ngumbaru, na ukurasa ukakimbia.

Akauvuta chini, ukarudi mbio na kupita. Akagusa neno, akajikuta kwenye kipande kingine kabisa, cha mama na ndengu. Nilirudisha. Akaweka kidole tena, ukakimbia tena. Sikuwa nimefikiria hilo. Nilikuwa nimetengeneza rangi, herufi, nafasi, hata mahali pa kidole chake kurudi, na nilisahau kwamba simu ikiguswa hudhani imeambiwa kitu. Nilimwambia asome bila kidole. Alijaribu, akapotea mstari wa pili, akarudi wa kwanza, akapotea tena. Niliona taya lake likikazana. Mama akaniangalia, nami nikaangalia chini.

Ni susu mwenyewe aliyenyoosha mkono bila kutazama, akachomoa njiti moja kwenye ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani. Akaigusisha kwenye kioo. Ukurasa haukusogea. Njiti kavu, simu haiisikii. Akaipeleka chini ya neno la kwanza.

Alisoma kwa midomo, bila sauti. Kila mstari ulichukua muda wake. Kuku mmoja alikuja akadonoa karibu na mguu wake, akaondoka. Mistari ikifika mwisho alinisogezea simu nimpandishie ukurasa, kisha akaichukua tena. Nilijaribu kusoma midomo yake na sikuweza. Hatukujua, mama na mimi, kama anasoma au anatufanyia heshima.

Ikafika mahali akaacha. Njiti ilisimama. Alirudi nyuma maneno machache, akayapita tena. Halafu, polepole, akainama akavuta leso yake mpaka chini na kufunika muundi wa mguu.

"Umeandika mguu wangu watu wa dunia yote waone?"

Kile kipande kilikuwa kinahusu ile sauti. Kwaru, kimya, kwaru, na mahali panapong'aa. Sikuwa nimemwambia. Mama pia hakujua. Hakuna aliyejua isipokuwa aliyekuwa amesoma.

Mama aliketi chini palepale alipokuwa. Mimi nilisema, pole susu, nitaondoa. Susu akaniuliza niondoe kwa nini, uongo ni upi hapo. Akaendelea kusoma mpaka mwisho, leso ikiwa imefunika mguu, na alipomaliza akanirudishia simu na njiti pamoja. Kisha akamwambia mama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kitabu cha nyimbo alikishika vibaya siku ile kwa sababu wimbo wenyewe aliujua, hakuona sababu ya kutafuta ukurasa. Mama akasema, "Sawa, mama." Susu alikuwa amejua siku zote kwamba mama alitupa jicho.

Alisoma vipande vingine baada ya hicho. Nilipokuwa nikienda nyumbani alikuwa tayari na njiti yake, ameichonga ncha. Alinisahihisha sana. Alisema mahali fulani nimeifanya mbaazi iive haraka mno, na mahali pengine nimempa maneno ambayo hata padri hayatumii. Mara kwa mara alinifanya nikuze herufi, kisha nikuze tena, mpaka kwenye simu mstari mmoja ukawa unabeba maneno machache tu. Binamu yangu alisema sasa blogu ni kama ule ubao wa kupimia macho. Nilicheka kwa sababu ilikuwa kweli kuliko alivyojua.

Kisha mvua za masika zilikuja zikapita, na nilipofika nyumbani safari moja nikakuta njiti imerudishwa kwenye ufagio. Susu alikuwa anasokota. Mkono haukuhitaji jicho, sauti ilikuwa ile ile. Nilikaa karibu naye, nikatoa simu, nikasubiri anyooshe mkono kama kawaida yake. Hakuunyoosha. Alisokota mpaka kamba ikafika urefu alioutaka, akaikata.

"Leo nisomee," alisema.

Nikamsomea. Alisikiliza akiwa amegeuza uso kuelekea kwenye jua, na nilipokosea neno alijua.

Juma lililofuata mwenye saiba, ambaye nilikuwa nimemsimulia, aliniambia kwa huruma kwamba basi sasa naweza kurudisha ile sura nzuri. Alisema hata yeye aliipenda ile zambarau. Nikasema nitaangalia. Nilikuwa bado nayo, mandhari ya zamani, nilikuwa nimeihifadhi kando kama mtu anavyohifadhi nguo iliyombana. Ingetosha kufuta mistari yangu ya chini kabisa, na zile za juu yake zingesikika tena.

Mchana alitoka kwenda kula, akaniachia saiba. Hakukuwa na mteja. Nilikuwa nimeandika kipande kipya, kuhusu nyuzi ambazo zimekuwa mtu na dada zake, na kilikuwa kinasubiri kuchapishwa. Nilifungua ule ukurasa wa nyuma, nikashuka mpaka mwisho, nikaangalia amri zangu zilivyokaa. Kisha nikaufunga bila kugusa kitu.

Niliinua kibodi, nikatoa karatasi ya mkate. Ilikuwa imekunjika pembeni na kushika vumbi, nikaipangusa kwa kiwiko. Nikailaza juu ya simu, nikainyoosha kwa kiganja, mbele na nyuma. Nikaweka kalamu, kama njiti, chini ya neno la kwanza, nikasoma kipande chote mpaka mwisho, kwa midomo, bila sauti. Nilipoona kwamba kinasomeka, nikakichapisha.